Kafi, Kana na Injini ya Kupachika

Nungwi, kaskazini kabisa mwa Unguja, niliwahi kukaa kivulini na fundi wa vyombo akitoboa tundu za misumari kwa keke. Akaja kijana kumwuliza: chombo chake akitie injini ya nguvu ya farasi 9 au 15? Fundi hakuacha kuvuta uta wa keke.

"Chombo chako kina shetri, mwanangu?"

"Ni dau, babu."

"Basi hiyo injini utaipachika wapi?"

Dau limechongoka mbele na nyuma. Injini ya kupachika, hii inayoning'inia nje ya chombo, inataka ubao bapa wa kuikamata. Mashua ina ubao huo, kwa sababu nyuma yake imekatwa ikawa shetri, dau halina. Kijana alikuwa anauliza habari ya nguvu, na babu anamjibu habari ya umbo.

Jibu lile lina historia ndefu. Tangu watu waingie majini, kila chombo kidogo kimehitaji cha kukisukuma na cha kukiongoza. Mara vitu hivyo vimekuwa kimoja mkononi mwa mtu mmoja, mara vimetengana, mara vimerudiana. Na kila vilipotengana au kurudiana, mafundi walilazimika kuishughulikia tezi, yaani nyuma ya chombo, upya.

Mwanzo vilikuwa kimoja. Mvuvi aliyekaa nyuma ya mtumbwi wa mwembe na kafi mkononi hana shikio, wala halihitaji. Anachota maji, anavuta, na mwisho wa mvuto anapindua kiganja kidogo, kiasi ambacho mgeni hakioni. Mvuto ndio mwendo, kipindo ndicho usukani. Bila kipindo hicho mtumbwi ungezunguka kama kuku aliyefungwa mguu, maana kafi hupigwa upande mmoja. Penye maji mafupi, ndani ya mikoko, kafi humpisha pondo, na pondo nalo ni vilevile: anayesukuma ndiye anayeelekeza. Ubaya wake ni mmoja tu, lakini mkubwa: mikono huchoka. Mtu na kafi lake hafiki Lamu akitokea Unguja akiwa na shehena ya maana.

Aliyekuwa na nguvu ya kufika huko ni upepo. Kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Kristo kinataja pwani yetu na soko lake la Rhapta, na kusema kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya huko, vilivyoshonwa. Miaka 1,400 na zaidi baadaye, Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za vyombo vilivyokuwa vikifanya biashara na bara kutoka visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba: vidogo, visivyo na sitaha, mlingoti mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba, na matanga ni mikeka ya ukindu. Barbosa alividharau. Lakini vyombo vya aina hiyo vilikuwapo kabla ya Wareno na vikaendelea baada yao. Mtepe wa visiwa vya Lamu, wenye tanga la mkeka la pembe nne, ulikuwa bado unachukua boriti mwanzoni mwa karne ya 20.

Tanga linapoingia, mambo mawili yanaachana. Nguvu sasa iko katikati ya chombo, juu mlingotini, na uongozi umebaki nyuma. Nani aushike, na kwa kitu gani? Wazungu wa kaskazini walitumia kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia karibu na tezi, na Waingereza mpaka leo wanauita upande wa kulia wa chombo kwa jina lenye maana ya upande wa usukani. Wachina walitangulia kuliweka shikio nyuma: sanamu ya udongo ya chombo iliyofukuliwa katika kaburi la Guangzhou, ya zama za ufalme wa Han, inalionyesha likining'inia tezini. Katika bahari za Waarabu, al-Muqaddasi wa karne ya 10 anaeleza usukani ulioongozwa kwa kamba mbili, moja kulia na moja kushoto. Na katika nakala ya Maqamat ya al-Hariri aliyoichora al-Wasiti mwaka 1237, kuna chombo cha kushonwa chenye shikio lililofungwa kabisa kwenye mti wa nyuma. Ulaya nayo inaonyesha shikio la namna hiyo katika mawe yaliyochongwa karne ya 12, na katika muhuri wa mji wa Elbing wa mwaka 1242.

Ukilitazama shikio kwa karibu utaona ni kitu kinyonge. Ni ubao tu. Halina nguvu yake. Huazima mwendo wa chombo. Maji yakipita kando yake, ukilipinda yanalisukuma, nalo linaisukuma tezi, na omo, yaani mbele, linageuka. Maji yasipopita, unaweza kulipinda mpaka kana, mpini wake, ivunjike mkononi na chombo kisijue. Ndiyo maana wakati wa maleleji, kusi imekufa na kaskazi haijaamka, nahodha hodari kuliko wote huwa sawa na abiria. Atakachofanya ni kuwaamrisha mabaharia watoe makasia.

Tanga la pembe nne lina adabu moja: linakwenda upepo unakokwenda. Kwa biashara ya misimu hilo halikuwa tatizo kubwa, kwani kaskazi ilikuteremsha na kusi ikakurudisha. Kwa mvuvi anayetaka kurudi nyumbani jioni ile ile, lilikuwa tatizo. Tanga la foromali, lile tunaloliona leo kwenye ngalawa, mashua na jahazi, lilimwezesha kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo, na kubisha kidogo kidogo mpaka afike kule upepo unakotoka. Lakini lina gharama zake. Ukitaka kulihamisha upande wa pili, foromali yote, mti unaobeba tanga, lazima ipitishwe mbele ya mlingoti, watu wakikimbia na demani, kamba ya tanga, na kwa dakika hiyo chombo hakina kitu kinachokivuta isipokuwa mwendo uliobaki. Hapo mshika kana ndiye mwenye roho za watu. Akigeuza mapema, tanga linapiga mlingoti kinyume. Akichelewa, mwendo unakwisha na shikio linakufa.

Kana pia inasema. Tanga likiwekwa nyuma mno, omo hutaka kuukimbilia upepo na kana inavuta mkononi kama mbuzi anayekataa kamba. Nahodha mjinga ataishika kwa nguvu kutwa nzima na kuona huo ndio ubaharia. Mwenye akili atalegeza demani au kusogeza mzigo, kwa sababu shikio lililopindwa muda wote ni breki inayoburutwa majini. Hili wenye injini wengi hawalijui, na linawahusu vilevile.

Injini ilipokuja, haikuja kwa vyombo vidogo. Meli za kwanza za mvuke zilisukumwa kwa magurudumu makubwa ya mapezi ubavuni, yaliyoharibika upesi kwenye mawimbi, kwani chombo kikilala upande mmoja gurudumu moja linazama na jingine linapiga hewa. Mwaka 1836 watu wawili jijini London, Mwingereza Francis Pettit Smith, mkulima, na Msweden John Ericsson, mhandisi, kila mmoja kwa njia yake, walipata hataza ya rafadha, yaani parafujo ya kusukumia chombo. Ile ya Smith ilikuwa parafujo ndefu ya mbao yenye mizunguko miwili kamili. Mwaka uliofuata, akiijaribu mferejini, ikagonga kitu na nusu yake ikavunjika. Mashua ikaongeza mwendo. Kuanzia hapo akafahamu kwamba rafadha nzuri ni fupi. Sijui kama kuna ajali nyingine baharini iliyowafaa watu kiasi hicho.

Mabaharia wa jeshi la Uingereza hawakuamini haraka. Aprili 1845 wakazifunga meli mbili tezi kwa tezi, Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu, kila moja ivute upande wake. Rattler ikaiburuta mwenziwe kinyumenyume huku magurudumu yake yakizunguka bure. Ilikuwa maonyesho zaidi ya jaribio, kwa kuwa Rattler ilikuwa na injini yenye nguvu zaidi, lakini ubishi ulikwisha.

Rafadha ilileta jambo jingine ambalo maonyesho yale hayakulitaja. Ikikaa mbele ya shikio, maji inayoyatupa nyuma hulipiga shikio moja kwa moja. Sasa shikio haliazimi tena mwendo wa chombo peke yake. Hupata maji ya rafadha hata chombo kikiwa kimesimama gatini. Ongeza gesi kidogo, pinda kana, tezi inasogea. Jahazi lenye injini ya dizeli ndani limejengwa juu ya urafiki huo wa rafadha na shikio, na ndiyo sababu manahodha wa shehena hawajauacha.

Kuna swali moja ambalo nguvu mpya ililizusha: iongezwe mpaka wapi? Mwingereza William Froude alilishughulikia kwa kukokota vielelezo vidogo vya meli, kwanza mtoni katika miaka ya 1860, kisha katika birika alilojenga Torquay mwaka 1872. Alionyesha kwamba chombo kinachopasua maji hutengeneza mawimbi yake chenyewe, na kadiri kinavyoongeza mwendo wimbi hilo hurefuka mpaka chombo chote kikalala baina ya mgongo wa mbele na mgongo wa nyuma. Hapo ni kama kupanda mlima usiokwisha. Hesabu yake ni nyepesi: chukua urefu wa chombo kwenye usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43. Mashua ya mita 6.25 inapata noti 6 na ushei, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Kuitilia injini kubwa zaidi mashua hiyo nzito, yenye tumbo la mviringo, ni kununua kelele na kuunguza petroli. Faiba yenye tumbo bapa ina njia nyingine: hupanda juu ya maji na kuteleza, na hapo nguvu zaidi ina maana. Kijana wa Nungwi angeambiwa hayo, angejua kwamba kati ya 9 na 15 tofauti inategemea tumbo la chombo kuliko mfuko wake.

Mashua ndogo zenye nguvu nyingi zilifika bara kwetu kwa njia ya vita. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha mashua mbili za mbao, urefu wa futi 40, kutoka London hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli hadi Katanga, na kutoka huko zikakokotwa na ng'ombe na magari ya mvuke zaidi ya kilomita 200 kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikaendelea kwa mto na reli mpaka Ziwa Tanganyika. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli za nguvu ya farasi 100, na rafadha mbili. Ziliitwa Mimi na Toutou. Msomaji wa Kiswahili asidhani ni "mimi" yetu: ni milio ya paka na mbwa kwa lugha ya watoto wa Kifaransa, na mkuu wao, Geoffrey Spicer-Simson, alichagua majina hayo baada ya wakubwa kuyakataa ya kwanza, Paka na Mbwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 zikakutana na Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Mzinga wa Kingani ulipiga mbele tu. Ili kuuelekeza, meli nzima ilibidi igeuke, nayo ilikuwa ya mvuke na nzito. Mashua zile zikakimbilia nyuma yake na kuifyatulia kutoka huko. Pambano lilichukua kama dakika 11. Nahodha wa Kijerumani akauawa na meli ikatekwa. Wanaosimulia kisa hiki hupenda kutaja kasi. Mimi naona kilichoamua ni nani aliweza kugeuka.

Kufikia wakati huo injini ya kupachika ilikuwa imekwisha kuzaliwa, na la kushangaza ni kwamba ya kwanza haikuwa ya petroli. Mei 1881 fundi Mfaransa Gustave Trouvé aliteremsha katika mto Seine, Paris, mashua ya mita 5 na nusu hivi inayokwenda kwa umeme. Mota aliiweka juu ya shikio. Mnyororo ukashuka mpaka kwenye rafadha iliyokaa ndani ya shikio lenyewe. Alipopinda shikio, rafadha ilipinda nalo. Alipomaliza, aliing'oa yote na kuibeba. Betri zake zilikuwa dhaifu na Trouvé akahamia mambo mengine, lakini wazo lote lilikuwa pale: kwa mara ya kwanza tangu kafi, kinachosukuma na kinachoongoza vimerudi kuwa kitu kimoja.

Marekani, Cameron Waterman alianza kuuza injini ya petroli ya aina hiyo kabla ya wengi, lakini jina lililobaki ni la Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Wisconsin. Kisa chake kimesimuliwa mpaka kikawa kama hadithi: siku ya joto kali ziwani, mchumba wake Bess akatamani aiskrimu, Ole akapiga makasia kwenda na kurudi, na aiskrimu ikafika imeyeyuka. Kisa kiwe kweli au kimetiwa chumvi, injini aliyoanza kuuza Milwaukee mwaka 1909 ilikuwa na nguvu ya farasi 1.5, uzito wa ratili 62, yaani kilo 28, na bei yake dola 62. Bess, mkewe sasa, ndiye aliyeandika matangazo, na tangazo lake maarufu liliwashauri watu waache kupiga makasia na wayatupe kabisa. Ushauri huo nitaurudia.

Evinrude aliiuza kampuni mwaka 1914 Bess alipougua, akarudi sokoni mwaka 1921 na injini ya alumini, nyepesi, ya silinda mbili. Wajapani waliingia baadaye: injini ya kwanza ya kupachika ya Yamaha ilitoka mwaka 1960. Ziwa Victoria injini hizi zilianza kuonekana kwenye mitumbwi ya mbao katika miaka ya 1950, na biashara ya sangara ilipopamba moto miaka ya 1980 zikawa nyingi, ingawa mpaka leo vyombo vingi vya ziwani vinaenda kwa kafi na tanga. Pwani, Yamaha aina ya Enduro imekuwa karibu jina la pili la injini.

Nazo zikabadilisha umbo la vyombo. Mafundi waliokuwa wakichonga tezi ya ncha wakaanza kuikata. Penye dau la zamani mwenyewe hupigilia ubao ubavuni, na chombo hukimbia kikivutwa upande mmoja kama aliyeshikwa sikio. Kuna pia habari ya mguu wa injini. Mguu mfupi unahitaji shetri ya sentimita 38 hivi, mrefu 51. Ukiutia mfupi kwenye shetri ndefu, kila wimbi likipita rafadha inashika hewa, injini inalia na chombo hakiendi. Ukiutia mrefu kwenye shetri fupi, unalima mchanga wa kila fungu. Watu hununua injini kwa kutazama nguvu na kusahau mguu. Ni sawa na kununua kiatu kwa rangi.

Uzuri wake hauna ubishi. Mkono ule ule uliozoea kana unashika mpini, na unapinda vile vile: mpini kushoto, omo kulia. Inageuka mahali padogo, inarudi nyuma, inapandishwa mwambani. Lakini muungano ule wa Trouvé una upande wa pili, na mimi niliuona kati ya Mkokotoni na Tumbatu.

Tulikuwa watu kumi na kitu, magunia ya unga, mikungu ya ndizi na injini ya 15. Kusi ilikuwa imepata nguvu. Katikati ya mkondo injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Petroli ilikuwa na maji. Kijana aliyeshika mpini akaupinda kulia, akaupinda kushoto, kama mtu anayetikisa mkono wa maiti. Chombo kikageuka polepole kikawapa mawimbi ubavu, na maji yakaanza kuruka ndani. Kijana akaanza kufungua kifuniko cha injini. Mzee mmoja, abiria tu, akainama, akavuta kafi lililokuwa chini ya magunia.

"Mwanangu, elekeza omo kwanza. Mashine itangoja."

Akakaa tezini, akapiga mara tatu nne, akipindua kiganja mwisho wa kila mvuto, na omo likarudi kwenye mawimbi. Akaendelea hivyo, bila haraka, mpaka kabureta ikasafishwa na injini ikawaka. Tungekuwa na shikio peke yake lisingetusaidia, maana hatukuwa na mwendo.

Tangu Evinrude wamekuja wengine. Bill Hamilton, mkulima wa New Zealand aliyechoshwa na mito yenye mawe, alitengeneza katika miaka ya 1950 mashua inayonyonya maji na kuyatupa nyuma kwa kishindo bila rafadha nje, na mwaka 1960 mashua zake zikapanda mto Colorado kuupitia Grand Canyon. Nazo huongozwa kwa kuelekeza maji yanayotupwa: gesi ikiachwa, uongozi unakwisha. Na umeme umerudi, safari hii na betri za lithiamu, kwenye injini za kupachika zinazobebwa mkononi kama ile ya Seine.

Bess Evinrude alisema tupa makasia. Wewe unayenunua injini msimu huu, pima shetri yako, chagua mguu kabla ya nguvu, chuja petroli, na kafi uliweke mahali ambapo gunia halitalifunika.